Kijiko kidogo na tope la msimu wa mvua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya ni yale tunayoulizwa kila mwaka kuanzia Novemba, mvua zinaposhika, hadi Aprili au Mei zinapokatika. Wanaouliza ni wenye yadi za malori Mbalizi na Tunduma, mameneja wa maghala Makambako, wakuu wa shule, wasimamizi wa viwanda vya chai Rungwe na watu wa parachichi Njombe. Wote shida yao ni moja: mvua imenyesha usiku, asubuhi geti halifunguki vizuri, lori limekwama, na wateja wako njiani.

## Ya msingi

Kijiko kidogo ni mashine ipi hasa?

Ni mashine ya kuzolea yenye baketi mbele na uzito wa kati ya tani moja na nusu na tani tano hivi. Zipo za aina tatu. Ya kwanza ina matairi manne yasiyokata kona: ya upande mmoja yakisimama au kurudi nyuma, ya upande wa pili yanaendelea, na mashine inazunguka hapo hapo ilipo. Hii mjini huitwa Bobcat hata kama imetoka kampuni nyingine kabisa. Ya pili inafanana nayo, ila badala ya matairi ina mikanda ya mpira. Ya tatu ni loda dogo la matairi linalokunjika kiunoni ili kukata kona.

Beko, yaani ile yenye baketi mbele na mkono wa kuchimbia nyuma, ndiyo imezoeleka zaidi Mbeya na Iringa. Ni mashine nzuri, na kwa kuchimba mtaro haina mpinzani. Lakini ni ndefu na nzito, na ndani ya ua wenye nguzo, magari yaliyoegeshwa na milango ya ghala hupoteza muda mwingi ikijipanga kuliko ikizoa.

Kwa nini nisiite greda au kijiko kikubwa, kazi ikaisha mara moja?

Kwa barabara ndefu ya udongo, ita greda. Kwa uwanja wenye zege, pevingi, mifuniko ya chemba na kuta, mashine kubwa itavunja vitu vya thamani kuliko kazi yenyewe. Isitoshe, msimu wa mvua mashine kubwa zote zinagombaniwa, na ukiipata utasubiri lobedi ya kuibeba. Kijiko kidogo hupanda kwenye lori la kawaida lenye mbao au chuma imara za kupandia, kikafungwa minyororo pembe zote nne, na saa moja baadaye kiko kazini.

Tope la uwanjani linamtaka mtu anayelizoa mapema na kwa kurudia, na kazi ya kurudia haihitaji mashine kubwa. Kijiko kidogo kinachokuja kila baada ya mvua kubwa kitakuhudumia vizuri kuliko buldoza linalokuja Machi kukuta tope la miezi minne.

Nina vijana na makoleo. Nilipie mashine ya nini?

Kama eneo ni dogo, mfano mbele ya duka Mwanjelwa au varanda ya shule, vijana wanatosha na hawaharibu chochote. Mambo hubadilika ukipiga hesabu ya uzito. Tope bichi lina karibu tani 1.8 kwa kila mita moja ya ujazo. Uwanja wa mita 40 kwa 30 wenye tope la sentimita 5 tu una mita za ujazo 60, yaani zaidi ya tani 100. Hakuna kundi la vijana litakaloondoa mzigo huo kabla malori hayajaanza kupanga foleni. Waajiri vijana hao hao kufuata mashine: kukwangua pembe, kuzibua mitaro, kuosha kwa maji. Mashine haifiki kila mahali, na mteja wako atatazama pembe.

Mashine nyingi za mitumba zinatangazwa kuwa zilikuwa za kuondoa theluji. Sisi hatuna theluji. Zinatufaa?

Zinatufaa, kwa sababu kazi inafanana sana. Marekani, Canada na nchi za kaskazini mwa Ulaya, vijiko hivi husafisha viwanja vya kuegesha magari vya maduka, hospitali na viwanda kila theluji inapoanguka, mara nyingi usiku, ili asubuhi biashara ifunguliwe. Wenzetu wa huko wamejifunza mambo mengi ya kupanga kazi ambayo tunaweza kuyachukua kama yalivyo, na baadhi yamo humu.

Ila kuna tofauti mbili za kuangalia kabla hujatoa pesa: chumvi na baketi. Kila moja ina swali lake kwenye sehemu ya kununua mashine.

## Kuzoa kwenyewe

Nizoe tope likiwa bichi au nisubiri likauke?

Hili ndilo swali linalotofautisha kazi nzuri na mbaya, na jibu lake linategemea kilichopo chini ya tope.

Kama chini ni zege, lami au pevingi, usisubiri likauke. Tope likikauka juu ya zege hushika kama plasta. Litakulazimisha kutumia meno ya baketi, na meno yatakula zege. Lakini pia usilivamie mvua ikiwa ndiyo kwanza imekatika. Wakati huo ni uji: ukisukuma linakupita pembeni, ukilibeba linamwagika njiani, na unamaliza dizeli kulihamisha toka pembe moja hadi nyingine. Fungua mitaro kwanza, acha maji yachuje kwa saa mbili tatu, kisha anza.

Opereta mzuri anajua muda umefika kabla hajawasha mashine. Anachota tope kiganjani na kulikamua. Likichuruzika katikati ya vidole, bado. Likibaki donge linaloonyesha alama za vidole na kuacha kiganja kimelowa, sasa. Likimeguka, amechelewa, aanze na sehemu zenye kivuli ambako bado kuna unyevu.

Kama chini ni udongo wenyewe, kanuni inageuka: usiingize mashine kabisa siku ile. Soma jibu linalofuata.

Uwanja wangu ni wa udongo mtupu. Mashine ikiingia inaacha mashimo mabaya kuliko mwanzo. Tufanyeje?

Hapo mashine ilikuja siku mbaya. Udongo ulioloa hauna nguvu ya kubeba, na kila tairi linalozunguka linachanganya maji yaliyo juu na udongo uliokuwa bado mgumu chini. Unaingia na tope la sentimita 5, unatoka na la sentimita 20.

Udongo wetu nao haufanani. Ule wa Rungwe, kuanzia Kiwira hadi Tukuyu na Busokelo, umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, umejaa vinyweleo na hushika maji mengi bila kuonekana umeloa. Ukiukanyaga unaonekana mzima, lakini ukivurugwa na tairi mara kadhaa hugeuka uji ghafla. Ule mwekundu wa Mafinga na Njombe huteleza juu na kuganda kwenye baketi, lakini chini hubaki mgumu kwa muda. Udongo mweusi wa mbuga huko Usangu ndio mbaya kuliko wote. Ukiloa sana, subiri jua, hakuna mashine ndogo itakayokusaidia.

Dawa ya uwanja wa udongo hufanyika kiangazi. Kati ya Julai na Oktoba, tumia kijiko hicho hicho kuondoa udongo laini wa juu, weka mteremko wa kuelekeza maji nje, mwaga moramu au kokoto na shindilia. Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita moja unatosha kuondoa maji. Kazi hiyo moja hupunguza wito wa masika kuliko kitu kingine chochote tunachokifanya.

Nitajuaje kazi itachukua saa ngapi?

Chukua ule uwanja wa mita 40 kwa 30 wenye mita za ujazo 60. Baketi ya kawaida ya kijiko kidogo hubeba karibu mita za ujazo 0.4. Hizo ni safari 150. Kama rundo liko karibu na kila safari inachukua dakika mbili kwenda na kurudi, unapata saa tano. Rundo likiwa mbali, dakika zinakuwa nne na kazi inakuwa ya siku nzima.

Kwa hiyo, kabla ya kupatana bei, mwonyeshe opereta mahali pa kurundika. Wateja wengi hutaja ukubwa wa uwanja na kusahau umbali wa rundo, na umbali ndio unaokula saa.

Kuna mpangilio maalumu wa kusafisha uwanja?

Upo. Anza juu, shuka chini. Usisukume kamwe kuelekea mlango wa ghala, hata kwa mita mbili, maana mlango ndio wa mwisho kusafishika. Tenganisha kazi ya kusukuma na ya kubeba: kwanza kusanya tope katika mistari mirefu kwa baketi iliyolala chini, kisha beba mistari hiyo. Acha mita moja kila upande wa mtaro kwa ajili ya koleo. Mashine ikisogea zaidi ya hapo, itausukumia tope ndani au kuvunja ukingo.

Jambo moja la kuiga kwa watu wa theluji: kabla msimu haujaanza, hupita uwanjani na kuchomeka vijiti virefu pembeni mwa kila ukingo, koki ya maji na mfuniko wa chemba, kwa sababu wanajua theluji ikishafunika hakuna atakayekumbuka vilipo. Fanya hivyo Oktoba. Mirunda yenye rangi kichwani inatosha. Mita ya maji iliyopasuliwa na baketi inagharimu zaidi ya mirunda yote ya uwanja.

Matairi au mikanda ya mpira?

Kwa zege na pevingi, matairi. Ni rahisi kutunza, na yakitoboka fundi wa kawaida anaziba. Kwa udongo laini na miteremko, mikanda, kwa sababu husambaza uzito kwenye eneo kubwa na mashine haididimii. Lakini mikanda huchakaa haraka ikizungushwa juu ya lami kavu au kokoto kali, na kuibadilisha ni gharama kubwa. Kama kazi yako ni ya mchanganyiko na unanunua mashine moja tu, ushauri wetu ni matairi, pamoja na subira ya kutoingia kwenye udongo siku isiyofaa.

Tope lenyewe litupwe wapi?

Si mtoni na si kwenye mtaro wa barabara. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, na hata pasingekuwa na sheria, tope ulilotupa kwenye mtaro leo ni lile lile litakaloziba kalvati la jirani kesho kutwa.

Tope safi la udongo wa juu lina thamani. Lichuje kwenye rundo lenye mteremko kwa wiki mbili, na wenye bustani na vitalu vya miche watalifuata wenyewe. Tope lenye oili, dizeli au vyuma kutoka yadi ya malori ni habari nyingine. Litenge na uulize halmashauri wapi linapokelewa.

Ukilibeba kwa tipa, usijaze hadi juu. Mita za ujazo 10 za tope bichi ni karibu tani 18, na tipa linaloonekana limejaa nusu huenda tayari limefika uzito wake halali. Mizani ya Wenda, Makambako na Mpemba hazina huruma na maji yaliyomo ndani ya tope.

## Kununua na kutunza

Mashine imetoka nchi ya theluji. Nikague nini?

Kutu, na si ile ya juu. Huko humwaga chumvi barabarani na viwanjani ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hurushwa chini ya mashine msimu mzima. Rangi ya nje hupakwa upya kabla ya kuuzwa. Chumvi hujificha kwenye soketi za waya, paipu za chuma za haidroliki, chini ya tangi la mafuta, mapezi ya radieta na sakafu ya kabini chini ya mpira wa miguu. Inua mpira huo. Gusa waya karibu na soketi: ukiwa mgumu na unga wa kijani unadondoka, hesabu gharama ya fundi umeme kabla ya kutaja bei.

Angalia pia oili ya haidroliki. Mashine za baridi kali mara nyingi hujazwa oili nyepesi, namba 32 badala ya 46. Mchana wa Iringa mjini au bondeni Kyela, oili nyepesi ikipata moto mikono huinuka kwa uvivu na mnunuzi hudhani pampu imekufa. Soma kitabu cha mashine, mwaga oili yote, weka inayofaa, ndipo uamue.

Hita ya kabini usiing'oe. Opereta wa Makete au Njombe mwezi Juni atakushukuru.

Imekuja na baketi kubwa sana. Si ni faida hiyo?

Hapana, na hapa tunaomba usikilize. Theluji iliyoanguka sasa hivi ina uzito wa kilo 100 hivi kwa mita ya ujazo. Iliyoshindiliwa na kulowa hufika kilo 400 au 500. Ndiyo maana huko hutengeneza baketi pana zenye ujazo mkubwa. Jaza baketi hiyo hiyo ya mita moja ya ujazo kwa tope letu, na umebeba karibu kilo 1,800.

Kwa mashine za matairi, uzito unaoruhusiwa kubeba ni nusu ya ule unaoiangusha kifudifudi. Kwa za mikanda ni asilimia 35. Mashine ya matairi inayopinduka kwa kilo 1,600 imeruhusiwa 800 tu. Baketi ya tope kwa mashine hiyo isizidi mita za ujazo 0.4, na iwe na mdomo ulionyooka bila meno kama uwanja ni wa zege. Ile kubwa iache kwa pumba za mpunga, maranda ya mbao Mafinga na vitu vyepesi kama hivyo. Kwa hizo kazi inalipa kweli.

Kwa nini mashine ile ile ina nguvu Dar es Salaam lakini Mbeya inakohoa?

Hewa. Mbeya mjini pako karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Njombe ni juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Yenye tabo huathirika kidogo tu. Moshi mweusi mashine inapobeba mzigo si lazima uwe ugonjwa wa pampu, na mafundi wengi wamefungua pampu nzima bure. Anza na filta ya hewa. Vumbi la Septemba huijaza kabla mvua hazijaanza.

Matunzo ya kila siku ni yapi?

Kila jioni osha tope kwenye mikanda, maringi na chini ya tumbo, kwa sababu likiganda usiku, asubuhi huanza kukata sili. Grisi kwenye pini zote kila siku ya kazi, bila kuruka. Puliza radieta kutoka ndani kwenda nje. Jaza tangi jioni badala ya asubuhi. Usiku wa baridi huku kwetu hufanya mvuke ugeuke matone ya maji ndani ya tangi lililo tupu, na maji hayo huishia kwenye nozeli. Na tumia kulanti, siyo maji ya bomba. Kitulo na sehemu za Makete huganda kabisa Juni na Julai, na maji yakiganda ndani ya bloku yanaipasua.

## Bei na mkataba

Ni bora kulipa kwa saa, kwa kila wito au kwa msimu?

Kwa mtu anayehitaji mara moja, saa. Hakikisha tu mnasoma mita ya saa ya mashine pamoja, mwanzo na mwisho, na kuipiga picha.

Kwa biashara inayofunguliwa kila siku, tunapendekeza msimu. Makampuni ya theluji huandika kwenye mkataba kina cha kuanzia kazi: theluji ikifika kiasi fulani, mara nyingi inchi mbili, mashine inakuja bila kuitwa. Sisi tunafanya vivyo hivyo kwa tope. Chora alama kwa rangi kwenye nguzo moja au mbili mlizokubaliana, sentimita 5 kutoka chini. Tope likigusa alama, mlinzi anapiga picha na kuituma, na mashine inakuja ndani ya muda ulioandikwa. Alama hiyo huondoa mabishano yote ya "tope lilikuwa dogo" na "mlichelewa".

Mkataba wa msimu uwe na ada ndogo ya kila mwezi hata mvua isiponyesha. Wateja hulalamikia hili, na tunaelewa kwa nini. Lakini mwenye mashine asiyelipwa Januari yenye jua ataipeleka mashine Songea, na Februari utampigia simu bila mafanikio. Kama mvua zikiwa chache, kubalianeni saa hizo zitumike kiangazi kwenye mteremko na moramu, kama tulivyoeleza kwenye swali la uwanja wa udongo. Hapo hakuna anayepunjika.

Bei iliyotajwa inajumuisha mafuta na usafiri?

Uliza neno kwa neno: na mafuta au bila? Na opereta au bila? Kuleta na kurudisha mashine ni kwa nani? Kijiko kidogo hunywa kati ya lita 5 na 10 za dizeli kwa saa kutegemea ugumu wa kazi. Ukipewa hesabu ya lita 20, omba kuonyeshwa tangi. Risiti ya EFD ni haki yako.

## Usalama

Kijana wangu anaendesha trekta vizuri. Anaweza kukiendesha?

Afundishwe kwanza, na awe na leseni ya daraja linalohusu mitambo. Kijiko kidogo kina tabia yake. Kwenye nyingi opereta huingia kwa mbele, kati ya mikono, na ndipo watu huumia: baketi iko juu, anatoka kutazama kitu, mguu unagusa kidhibiti, mikono inashuka. Asitoke kamwe baketi ikiwa juu isipokuwa ameweka kile chuma cha kuzuia mikono. Mkanda na nondo ya kiti vifungwe hata kwa kazi ya dakika tano. Swichi ya kiti iliyofungwa waya "ili isisumbue" ni sababu tosha ya kuikataa mashine isiingie kwako.

Kwenye mteremko je?

Upande mzito uwe juu. Baketi ikiwa na mzigo, mbele ndiko kuzito, panda ukitazama juu na shuka kinyumenyume. Ikiwa tupu, nyuma ndiko kuzito kwa sababu ya injini, kwa hiyo panda kinyumenyume. Baketi ikae chini karibu na ardhi. Usikate mteremko kwa ubavu na usigeuke katikati yake.

Paipu ya haidroliki inavuja kidogo. Naweza kuziba kwa mkono nione inapotokea?

Usiweke mkono. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano ina mgandamizo wa kupenya ngozi, na jeraha lake huonekana dogo huku ndani nyama inaoza. Pitisha kipande cha katoni. Aliyepigwa aende hospitali saa hiyo hiyo na amwambie daktari kuwa ni oili ya haidroliki, hata kama hasikii maumivu. Watu wamepoteza vidole na mikono kwa kusubiri hadi asubuhi.

Tunaweza kufanya kazi ndani ya ghala?

Milango yote ikiwa wazi, kwa muda mfupi, bila watu wengine ndani. Moshi wa injini hauna pa kwenda, na magunia ya mahindi hunyonya harufu.

## Yasiyo ya kawaida

Tope limeziba barabara mbele ya geti langu. Naruhusiwa kuliondoa?

Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS, za wilaya na mitaa ni za TARURA. Toa taarifa kabla ya kugusa. Kwa kawaida hawakatai msaada, ila wanataka kujua nani anafanya nini, na mashine ya mikanda ya chuma isikanyage lami. Kwenye barabara ya Tunduma hadi Iringa, yenye malori mchana na usiku, usiingize mashine bila askari wa usalama barabarani kuongoza magari.

Mvua ya mawe imejaza uwanja. Inazolewa kama tope?

Hapa ndipo tunapokaribia theluji kuliko pengine popote. Mawe ya mvua yakirundikana ni mepesi kuliko tope, kwa hiyo ile baketi kubwa inafaa. Zoa haraka mbele ya mitaro na mabomba ya paa kabla hayajayeyuka, maana yakiyeyuka pamoja na majani yaliyopukutishwa huziba kila tundu, na maji yanaingia ghalani. Sehemu nyingine ya uwanja iachie jua.

Tunaweza kukitumia kwenye mazizi?

Ndiyo, na ndiko kilikozaliwa. Ndugu wawili, Cyril na Louis Keller wa Rothsay, Minnesota, walikitengeneza mwaka 1957 kwa ajili ya mfugaji wa bata mzinga aliyehitaji mashine ndogo ya kuzoa samadi ndani ya banda lenye nguzo. Kwa mazizi ya ng'ombe wa maziwa Rungwe na Njombe kinafaa sana. Osha vizuri baada ya kazi, mkojo wa ng'ombe hula chuma kama chumvi.

Mlima umeporomoka juu ya nyumba. Mlete kijiko?

Piga kwanza 114, Zimamoto na Uokoaji. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilipofunika nyumba na shule huko Itezi, Mbeya, watu wengi waliona jinsi mlima unavyoweza kushuka kwa muda mfupi. Kama kuna uwezekano wa mtu kuwa chini ya tope, mashine isiingie hadi waokoaji waelekeze, kwa sababu baketi haioni.

Hata kama hakuna mtu chini, usikate tope kwenye mguu wa mteremko ulioshuka. Tope hilo ndilo linalozuia kilicho juu. Mweke mtu atazame kwa mbali: nyufa mpya juu ya mteremko, miti iliyoinama, au chemchemi iliyobadilika rangi kuwa ya udongo, ni dalili kwamba bado kunatembea. Mashine isimame nje kabisa ya njia ya tope, injini ikiwa imewashwa na ikielekea pa kutokea, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine yoyote akitazama mlima na filimbi mdomoni.